Waya Uliokatika Husema Nini?

Kisiwa cha Remba, kilicho katika Ziwa Viktoria upande wa Homa Bay nchini Kenya, hakina reli. Njia ya reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ukingoni mwa ziwa mwezi wa Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo, na hapo abiria wakahamia melini. Hata hivyo, watu wa Remba hawana haja ya kufundishwa thamani ya ishara. Usiku wavuvi wa omena huwasha taa juu ya maji, na kila nahodha ajua ya kuwa mahali asipoona taa si lazima pawe patupu. Jambo lilo hilo liliwasumbua wajenzi wa reli miaka mingi, na sehemu kubwa ya jibu lake ilianza katika kifaa kidogo: mfano wa reli uliofungwa nyaya.

Reli ya Uganda ilikuwa ya njia moja tu. Garimoshi la kwenda na la kurudi yalipita juu ya vyuma vile vile. Kwa hiyo waya wa simu ulisimikwa kando ya reli, ili mabwana stesheni wapashane habari za magari yaliyokuwa njiani. Nao Wanandi, ambao hawakuridhia reli kupita katika nchi yao, waliukata waya huo mara nyingi na kuufanya mapambo. Sasa fikiri, msomaji: waya ukikatwa, stesheni ya pili huwa kimya. Je, kimya hicho maana yake ni kwamba njia ni nyeupe, au kwamba kuna hatari?

Huko Marekani, William Robinson alilijibu swali hili baada ya kukosea kwanza. Mwaka 1870 alionyesha mjini New York mfano wa reli wenye ishara zilizoendeshwa kwa umeme, kisha akaitwa kuutia mpango wake katika reli ya kweli huko Kinzua, Pennsylvania. Garimoshi lilipopita, liliunganisha mkondo wa umeme, na ishara ikaonyesha hatari. Lakini waya ukikatika au betri ikifa, hapakuwa na kitu cha kuiamuru ishara, nayo ikabaki ikisema salama.

Robinson akaugeuza mpango wake, na mwaka 1872 akapata hati ya haki ya uvumbuzi. Safari hii umeme ulipita katika vyuma vyenyewe wakati wote, ukiishikilia sumaku, na sumaku ikaiweka ishara ya salama. Magurudumu yalipoingia juu ya reli, umeme ulikatiza njia kupitia ekseli, sumaku ikalegea, na ishara ikaangukia hatari. Waya ukikatika, betri ikifa, hata reli ikivunjika, matokeo ni yale yale: simama!

Waingereza walijifunza somo hili kwa damu. Huko Abbots Ripton, Januari 1876, theluji iliigandisha mikono ya ishara katika hali ya salama, na magari yakagongana. Baada ya hapo ikakubaliwa kuwa hali ya kawaida ya ishara iwe hatari, na ruhusa itolewe kwa makusudi.

Mwanafunzi atakaye kuyaona haya kwa macho yake aweza kutengeneza reli ndogo juu ya meza, kwa betri, taa mbili na rilei, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Na atenge kipande kimoja cha reli, kisiguse umeme wa kuendeshea gari. Taa ya kijani aifunge upande unaoshikiliwa na sumaku; nyekundu aifunge upande ambao swichi huurudia sumaku inapolegea. Kisha aung'oe waya wa reli kwa makusudi. Kama nyekundu ikiwaka, kazi yake ni njema. Kama kijani ikiendelea kuwaka, na ayageuze maungio. Wala mtu asidhani kwamba huu ni mchezo wa watoto tu: mjini Manchester reli ya mfano ilitengenezwa mwaka 1912 ili kuwafundisha watunza ishara wa kweli, na leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini York.

Yabaki hatari moja. Taa nyekundu yenyewe yaweza kuungua, na nguzo ikabaki gizani. Ndiyo maana kanuni za reli humwamuru dereva aihesabu ishara isiyo na taa kuwa ni amri ya kusimama. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mtu wa reli na mtu wa ziwani wote wawili hawana budi kukumbuka kwamba giza halijatoa ruhusa.