Ngome ya Mombasa na Pepo za Musimu

Nilipokuwa nikisomesha tarikhi, wanafunzi walipenda habari za mizinga na panga. Mimi nikiwauliza: na askari walikula nini?

Jeshi la Imamu Seif bin Sultan lilitweka kwa kaskazi, likafika Mombasa Machi 1696. Baada ya hapo hapana jahazi la kutoka Oman mpaka musimu wa pili, kwani kusi humrudisha mtu Arabuni, haimleti. Vyakula vilitafutwa papo hapo pwani.

Wareno, waliozingirwa ngomeni, taabu yao ilikuwa kubwa zaidi. Tegemeo lao Goa, ng'ambo ya bahari ile ile. Msaada uliwafikia Desemba 1696, lakini mwaka wa pili maradhi yaliua wengi kuliko risasi, hata ngome ikawa inashikwa na Bwana Daud wa Faza na watu wake. (Naam, Mswahili mwenzetu; pwani haikuwa upande mmoja.) Oktoba 1697 merikebu yao, Santo António de Tanná, ikazama mbele ya ngome.

Miezi 33 ilipita hivyo. Ngome ilitekwa Desemba 1698, ndani mmebaki watu wa kuhesabika. Siku chache baadaye merikebu za Goa zikatokea, zikaona bendera ya Oman inapepea, zikageuza tanga.