Saratani: Jinsi breki za seli zinavyofeli

Kila seli ya mwili wa binadamu ina protini ambazo kazi yake ni kuizuia isijigawe ovyo. Mbili zimechunguzwa mno: p53, iliyogunduliwa mwaka wa 1979, na Rb. Rb huishikilia seli hadi wakati wa kujigawa ufike. p53 nayo huisimamisha seli ambayo jeni zake zimeharibika ili irekebishwe au, uharibifu ukizidi, huiamuru ijiue.

Jina Rb latokana na retinoblastoma, saratani ya jicho inayowapata watoto, wengi wao wakiwa hawajatimiza miaka mitano. Mwaka wa 1971, Alfred Knudson wa Marekani alieleza kwa nini baadhi yao huugua macho yote mawili na wengine moja tu. Kila mtu ana nakala mbili za jeni ya Rb, moja ya baba na moja ya mama, na sharti zote ziharibike ndipo uvimbe uanze. Mtoto aliyezaliwa na nakala moja mbovu amebakiwa na moja tu katika kila seli. Hiyo nayo ikiharibika, basi. Ndiyo maana yeye huugua mapema, na mara nyingi macho yote. Hata hivyo, hitilafu hiyo yaweza kuzuka kwa mtoto mwenyewe bila mzazi yeyote kuwa nayo, hivyo lawama kwamba ukoo fulani una damu mbaya mara nyingi hazina msingi. Mzazi aonaye weupe katika mboni ya jicho la mwanawe asingoje; ugonjwa huu ukigunduliwa mapema hutibika.

Virusi vya HPV vina hila tofauti. Jeni za p53 na Rb huachwa zikiwa nzima, lakini protini zenyewe hushambuliwa. Aina hatari, hasa ya 16 na ya 18, hutengeneza protini mbili ndani ya seli za mlango wa kizazi: E6 husababisha p53 kuvunjwavunjwa, nayo E7 huifunga Rb isifanye kazi. Maambukizi mengi huondolewa na mwili katika muda wa miaka miwili hivi. Hatari imo katika yale yanayodumu, na wanawake wanaoishi na virusi vya Ukimwi huathirika zaidi.

Harald zur Hausen wa Ujerumani, aliyegundua uhusiano wa HPV na saratani hiyo, alituzwa Nobel mwaka wa 2008. Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 kote nchini mwaka wa 2019. Chanjo huzuia maambukizi mapya, haiondoi virusi vilivyokwisha kuingia, wala haikingi dhidi ya kila aina ya HPV. Kwa hivyo hata aliyechanjwa atahitaji kupimwa mlango wa kizazi afikapo utu uzima.