SENTI SABINI KATIKA SHILINGI MIA: AHADI YA UINGEREZA

Shikeni penseli, maana somo letu la historia leo lina hesabu ndani yake. Tutazungumza juu ya serikali ya Uingereza: jinsi ilivyotimiza ahadi ya kusaidia nchi maskini wakati mfuko wake wenyewe umetoboka, na jinsi ilivyoiacha baadaye.

Ahadi hiyo ni ya zamani. Tarehe 24 Oktoba 1970 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliazimia kwamba kila nchi tajiri ijitahidi kutoa msaada wa asilimia 0.7 ya pato lake. Neno asilimia lisikutishe. Mfikirie mtu mwenye shilingi 100. Anatoa senti 70, naye anabaki na shilingi 99 na senti 30. Uingereza ilikubali mwaka 1974, lakini haikutaja ni lini itatimiza. Ahadi isiyo na siku ni rahisi kutoa! Ikapita karibu miaka 40.

Mwaka 2008 mabenki makubwa yaliyumba. Serikali ya David Cameron, iliyoingia Mei 2010, ilikuta matumizi yamepita mapato kwa zaidi ya paundi milioni 100,000 kwa mwaka. Waziri wa Fedha, George Osborne, akaanza kukata. Watumishi wengi wa serikali walikaa miaka miwili bila nyongeza ya mshahara. Januari 2011 kodi ya bidhaa ilipanda kutoka asilimia 17.5 hadi 20. Polisi walipunguziwa, na halmashauri za miji pia. Mafungu machache tu yaliachwa, hasa hospitali na msaada wa nchi za nje.

Sasa jiweke mahali pa mama wa Manchester ambaye maktaba ya mtaani kwake imefungwa. Je, hutauliza kwa nini fedha ziende ng'ambo? Wengi waliuliza, na swali hilo si la kijinga. Serikali ilijibu kwamba haifai kulipa deni la Uingereza kwa fedha za watu maskini kuliko wote duniani. Mwaka 2013 senti 70 zilitimia kwa mara ya kwanza, nazo zilikuwa zaidi ya paundi milioni 11,000. Kwa maoni yangu, hilo lilihitaji moyo.

Machi 2015 ahadi ikawa sheria, kwa mswada ulioletwa na mbunge Michael Moore. Lakini sheria hiyo ilikuwa na mlango wa nyuma. Fedha zisipotimia, Waziri atalieleza Bunge sababu, na hali mbaya ya uchumi ilitajwa humo kuwa sababu mojawapo. Mahakama haikupewa nguvu ya kuilazimisha serikali.

Mlango huo ulifunguliwa baada ya ugonjwa wa korona. Mwaka 2020 pato la Uingereza lilishuka kwa karibu sehemu moja katika kumi. Angalia hapa: pato likipungua, senti 70 katika mia nazo hupungua zenyewe. Hata hivyo, Novemba 2020 Waziri wa Fedha Rishi Sunak alitangaza kwamba mwaka unaofuata zitakuwa senti 50. Tarehe 13 Julai 2021 wabunge 333 waliunga mkono, 298 wakakataa. Theresa May, aliyekuwa Waziri Mkuu, aliipinga serikali ya chama chake mwenyewe. Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu lilitazamia paundi milioni 154 za uzazi wa mpango. Likaambiwa litapata milioni 23.

Tena, si kila senti ilivuka bahari. Mwaka 2022 zaidi ya robo ya msaada wote ilitumika Uingereza kwenyewe, kuwatunza wakimbizi.

Februari 2025 Waziri Mkuu Keir Starmer, wa chama kingine, alitangaza kwamba kufikia mwaka 2027 zitakuwa senti 30, ili jeshi liongezewe.

Basi, pigeni hesabu hii kabla ya kipindi kijacho. Kijiji kina pato la shilingi 8,000. Kikitoa senti 70 katika kila mia, ni shilingi ngapi? Kikitoa senti 50? Na senti 30?