Mkaa, gesi na umeme: Kwa nini mizani ya misitu Tanzania ni ngumu

Kila mtu anataka misitu ibaki, hewa isichafuke na chakula kiive. Tatizo ni kwamba malengo haya matatu mara nyingi yanavutana.

Hali ikoje?
Misitu ya Tanzania Bara ina takribani hekta milioni 48.1, zaidi ya nusu ya eneo la nchi kavu. Inapotea kwa sababu ya mashamba mapya, kuni na mkaa, ambao soko lake kubwa ni Dar es Salaam.

Nani anaisimamia?
Wengi hudhani misitu yote ni ya serikali kupitia TFS. Si kweli. Karibu nusu iko kwenye ardhi za vijiji, na Sheria ya Misitu ya 2002 inaviruhusu vijiji kutenga na kusimamia misitu yao.

Kupiga marufuku kunatosha?
Mwaka 2006 serikali ilizuia mkaa, lakini zuio halikudumu. Kilosa walijaribu njia nyingine: msitu wa kijiji unagawanywa vitalu, vinavunwa kwa zamu, na visiki vinaachwa vichipue kwa miaka 24. Ushuru unabaki kijijini, hivyo wanakijiji wana sababu ya kuulinda msitu badala ya kuufyeka kwa kilimo.

Na gesi je?
Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Gesi ya mitungi inaokoa miti na mapafu ya mama jikoni, ila nayo inatokana na mafuta na gesi za ardhini, kwa hiyo hutoa hewa ukaa. Halafu mkaa unanunulika kwa kopo. Kujaza mtungi kunataka hela ya mkupuo.

Umeme?
Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, lakini ujenzi wake ulilazimu miti ikatwe ndani ya Selous. Na bwawa hilo linategemea mto Rufiji, unaolishwa na mito inayoanzia kwenye misitu ya milimani, ikiwemo Udzungwa. Misitu hiyo ikiisha, mtiririko wa maji unayumba, na umeme nao.

Kwa kifupi: Sera inayomkataza mtu mkaa bila kumpa mbadala anaoumudu hailindi msitu. Inauhamishia mkaa gizani tu.