Langilangi ya Komoro na Esta Iliyopanga Bei Yake

Mlangilangi asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, na katika karne ya 19 mafuta ya maua yake yalisifika zaidi yakitoka Manila. Lakini mwanzoni mwa karne ya 20, makampuni ya Kifaransa yaliyohodhi ardhi ya Komoro yalipoupanda Nzuwani na visiwa jirani ili kuvilisha viwanda vya manukato vya Ufaransa, soko lilihamia Bahari ya Hindi. Mwaka 1921 Ernest Beaux alipotunga manukato ya Chanel No. 5, langilangi na asumini vilikuwamo, na jambo hilo halishangazi, kwani maua hayo mawili, ambayo wanawake wa mwambao huyashona pamoja katika vikuba, yana kiambato kimoja kikubwa kinachoitwa asetati ya benzili.

Msombo huo ni esta, yaani zao la asidi na alkoholi zinapoungana na kutoa maji, nao huitwa wa kiaromatiki kwa sababu molekuli yake ina pete ya benzini, yenye atomi sita za kaboni, wala si kwa sababu unanukia, ingawa kwa hakika unanukia utamu wa asumini wenye dalili ya matunda. Huchemka kwenye nyuzi 212 hivi za Selsiasi, chini ya viambato vizito vya langilangi, na kwa hiyo maua yanapokenekwa, yaani yanapopitishiwa mvuke ambao hupozwa ukarudi kuwa kimiminiko, esta hutangulia kutoka.

Hapo ndipo bei ilipopangwa. Maua huchumwa alfajiri, yakiwa yamegeuka manjano na kuonyesha doa jekundu katikati, kutoka kwenye miti iliyokatwa vilele na kupindwa matawi ili mchumaji ayafikie kwa mkono; kisha mafuta ya mwanzo, yenye esta nyingi, hutengwa kwa jina la ekstra, na yanayofuata hushushwa daraja hadi la tatu. Kwa kuwa asetati ya benzili ni nzito kuliko maji, ilhali mafuta ya mwisho ni mepesi, mnunuzi hahitaji pua hodari kuyatambua madaraja hayo: hupima densiti, yaani uzito kwa ujazo, akataja bei.

Viwanda vilijifunza kuitengeneza esta hiyo kwa alkoholi ya benzili na asidi ya asetiki, tena kwa gharama ndogo, nayo ikaenea katika sabuni na manukato ya bei nafuu. Hata hivyo haikuliua soko la ua, kwa sababu langilangi ina viambato vingine vingi ambavyo esta pekee haiwezi kuviiga. Gharama iliyofichika zaidi iko kwenye kuni, kwani kumaliza madaraja yote huchukua takriban siku nzima ya moto, na sehemu kubwa ya kuni hizo huteketea kwa ajili ya daraja la tatu, lenye bei ya chini kuliko zote, huku misitu ya Nzuwani ikizidi kupungua.