Nani Atashinda WrestleMania? Jinsi ya Kumtabiri Bingwa Kabla Hujaweka Hela Mezani

Aprili ni mwezi wa mvua Rungwe. Pale Kawetele, Tukuyu, mtu anaweza kuwa amelipia king'amuzi, kibanda umiza kimejaa mpaka mlangoni, halafu mvua ikashuka na picha ikaganda wakati mbabe mmoja amembeba mwenzake juu juu. Na kwa miaka ya karibuni ndiyo Aprili hiyohiyo WWE inafanya WrestleMania, pambano kubwa kuliko yote ya mieleka ya kulipwa duniani.

Ubishi huanza wiki kadhaa kabla. Nani atatoka na mkanda? Zamani ubishi uliishia mdomoni, siku hizi kuna hela ndani yake. Wapo wanaowekeana elfu mbili, wapo wanaoweka hesabu ya bosi ya bodaboda wakiamini wana uhakika. Hapo ndipo inafaa kujua mshindi wa mieleka hupatikana vipi, maana hapatikani kama wa mpira wala wa ngumi.

Mshindi anajulikana kabla kengele haijalia

Hili siyo siri tena. Mwaka 1989 kampuni hiyo, wakati huo ikiitwa WWF, yenyewe iliwaeleza maseneta wa jimbo la New Jersey kuwa inachofanya ni burudani na siyo mashindano ya kweli. Haikusema hivyo kwa unyenyekevu. Ilitaka kuondokana na usimamizi na kodi vilivyokuwa vinaihusu michezo kama ngumi. (Watu wazima wengi mpaka leo wanaita WWF. Jina lilibadilika 2002 baada ya kesi na shirika la kuhifadhi wanyamapori lenye herufi hizohizo.)

Kupangwa kwa matokeo hakumaanishi kwamba maumivu ni ya kuigiza. Anayeanguka kutoka juu ya ngazi anaanguka kweli, na mifupa inavunjika kweli. Kilichopangwa ni nani atalaliwa kifuani refa akahesabu mpaka tatu.

Kwa hiyo swali la "nani ana nguvu zaidi?" ndilo linalowaponza wengi. Swali la maana ni moja: kampuni ikimpa huyu ushindi, hadithi itaenda wapi miezi inayofuata? Tangu 2022 anayesimamia upande huo wa hadithi ni Paul Levesque, ambaye mashabiki wanamjua zaidi kama Triple H. Wanaoamua ni yeye na waandishi wake. Mabega ya Brock Lesnar hayaamui kitu.

Stelingi hafi? Muulize Cody

Waliokulia kwenye filamu za vibandani wana kanuni yao: stelingi hafi. Kwenye mieleka kanuni hiyo ina ukweli nusu. Stelingi anashinda, ila siyo lazima ashinde leo.

Mfano mzuri ni Cody Rhodes. Januari 2023 alishinda Royal Rumble, lile pambano la watu 30 ambalo mshindi wake hupewa nafasi ya kugombea mkanda WrestleMania. Alikuwa amerudi kutoka kwenye jeraha baya la kifua, baba yake Dusty Rhodes alikuwa gwiji ambaye hakuwahi kuushika mkanda mkuu wa kampuni hiyo, na mpinzani wake Roman Reigns alikuwa bingwa tangu Agosti 2020. Kila kitu kilionekana kimeiva. Wengi, pamoja na kampuni za kubeti za nje zilizopanga odi, walimpa Cody.

Tarehe 2 Aprili 2023, pale Inglewood, California, Solo Sikoa aliingia ulingoni refa akiwa ameshughulishwa upande mwingine, akampiga Cody, na Roman akamaliza kazi. Mikeka mingi ilichanika usiku ule.

Aliyeelewa mchezo angejiuliza mapema: Roman akipoteza leo, ile hadithi ya ukoo wake inaishaje? Ilikuwa bado ina mafuta ya mwaka mzima. Na kweli ikaendelea mwaka mzima. Cody akashinda Royal Rumble tena Januari 2024, jambo ambalo hakuna aliyelifanya miaka miwili mfululizo tangu Stone Cold Steve Austin mwaka 1997 na 1998. Tarehe 7 Aprili 2024, Philadelphia, akauchukua mkanda na kukatisha utawala wa Roman wa siku 1,316.

Katikati hapo kuna kisa ambacho mtabiri yeyote anapaswa kukijua. Mwanzoni mwa Februari 2024 ilionyeshwa kwamba The Rock ndiye atakayepigana na Roman, Cody akae pembeni. Mashabiki waliwaka. Ukumbini walizomea, mitandaoni hapakukalika, kila mahali ni jina la Cody. Haikupita hata wiki, mambo yakageuzwa na Cody akarudishiwa nafasi yake. Kelele za watu zina uzito, na ndiyo sababu anayetaka kutabiri hutazama vipindi vya kila wiki na kusikiliza ukumbi kuliko anavyotazama misuli.

Jeraha huvunja kila hesabu

Kofi Kingston, aliyezaliwa Ghana, alikuwa amekaa WWE zaidi ya miaka kumi bila kupewa nafasi ya maana kwenye mkanda mkuu. Februari 2019 Mustafa Ali aliumia, na Kofi akaingizwa kuziba pengo tu. Alipigana vizuri mno, watazamaji wakamshika, na ndani ya wiki chache waliokuwa wamempangia nafasi ya muda wakajikuta na stelingi mpya. Tarehe 7 Aprili 2019 alimshinda Daniel Bryan na kuwa bingwa wa kwanza wa WWE aliyezaliwa Afrika.

Nani angeweka hela kwa Kofi mwezi Januari mwaka ule? Hakuna mwenye akili zake.

Raha ile haikuisha vizuri. Oktoba 2019 Kofi alipoteza mkanda kwa Brock Lesnar katika sekunde zisizofika kumi na tano. Waafrika wengi walikasirika, na walikuwa na haki. Ila siku hiyo kipindi cha SmackDown kilikuwa kinaanza kwenye televisheni mpya, Fox, na kampuni ilitaka jina kubwa lishike mkanda. Nani anarusha matangazo, kipindi gani kinahamia wapi, mkataba wa nani unaisha: hizo ni habari za biashara, na mara nyingi zinatabiri vizuri kuliko mazoezi ya mtu yeyote.

CM Punk naye aliumia mkono ndani ya Royal Rumble ya Januari 2024 na akaikosa WrestleMania ya mwaka ule. Ndiyo maana anayetabiri miezi mitatu kabla anabahatisha tu.

Anayestaafu huwa anapigwa

Kama kuna dalili moja ya kushika kichwani, ni hii. Kwa mila ya mieleka, anayeondoka huacha jina lake kwa anayebaki. Ric Flair alipoteza kwa Shawn Michaels mwaka 2008. Shawn Michaels akapoteza kwa Undertaker mwaka 2010. Kurt Angle akapoteza kwa Baron Corbin mwaka 2019. John Cena, baada ya kuchukua mkanda wake wa 17 kwa kumshinda Cody Aprili 2025, alimaliza kazi Desemba mwaka huohuo kwa kusalimu amri mbele ya Gunther, yeye ambaye maisha yake yote alijiita mtu asiyekata tamaa. Watoto walilia. Waliojua mila hiyo hawakushangaa.

Undertaker ndiye aliyetoka kivyake, akimshinda AJ Styles mwaka 2020 kwenye pambano lililorekodiwa makaburini, bila watazamaji kwa sababu ya korona. Na ni huyohuyo Undertaker aliyewahi kuwafunga watu midomo Aprili 2014, New Orleans, alipopoteza kwa Brock Lesnar baada ya kushinda WrestleMania mara 21 bila kupigwa. Sura za watu ukumbini siku ile bado zinazunguka mitandaoni. Kwa hiyo rekodi ndefu nayo siyo dhamana.

Mashabiki wana kanuni nyingine ndogo: anayemaliza kipindi cha mwisho kabla ya pambano akiwa amesimama juu ya mwenzake, mara nyingi ndiye atakayelala siku yenyewe. Inafanya kazi mara nyingi kiasi cha kutosha kuleta kiburi, kisha inakuangusha siku uliyoweka hela nyingi.

Tatizo la Kawetele ni saa

Sasa hapa ndipo watu wanapolizwa, na utabiri hauhusiki kabisa. WrestleMania ikifanyika Marekani saa moja jioni kwa saa za New York, Tukuyu inakuwa saa nane usiku. Ni baridi, wengi wamelala, na bando la kuangalia moja kwa moja siyo la mchezo. Wengi huja kuiona kesho yake au siku kadhaa baadaye, ikirudiwa au ikiwa imepakuliwa kwenye flashi.

Mpaka muda huo matokeo yapo kwenye kila simu yenye intaneti. Anayekaa kimya kwenye benchi, akakuachia uchague kwanza, kisha akasema "haya, mimi nachukua aliyebaki, tuweke elfu tano", huenda ameshasoma majibu asubuhi akinywa chai. Huo ni wizi wa mchana. Tena huvunja urafiki kuliko elfu tano yenyewe, maana aliyeliwa akija kugundua, hadai hela tu, anadai heshima.

Kinga yake ni rahisi. Kabla ya kukubali dau lolote, angalia tarehe ya pambano kwenye simu yako. Kama tarehe imepita, hakuna utabiri hapo, kuna mjuzi na mjinga. Na kuna wanaoweka pambano la miaka mitano nyuma mbele ya watoto wasiojua. Mwenye kibanda anayejiheshimu angelikataza hilo ndani kwake.

Kubeti kwa kampuni je?

Tanzania michezo ya kubahatisha inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi. Dau la kibandani kati ya watu wawili halina leseni wala mlinzi. Ukidhulumiwa, huna mahali pa kwenda kulalamika.

Hata huko nje mieleka ni bidhaa ngumu kwa wenye kampuni za kubeti. Kuna watu wanaojua jibu: waandishi, marefa, wapiganaji wenyewe na wake zao. Wanaoikubali huweka kikomo kidogo cha dau, na odi zake hucheza kwa ghafla saa za mwisho taarifa zikivuja. Odi ikishuka ghafla jioni ya pambano, hiyo ni dalili yenye nguvu kuliko kanuni zote zilizotajwa hapo juu, ila kwa bei hiyo faida nayo imeshakwisha. Machi 2023 iliripotiwa Marekani kwamba WWE ilikuwa inazungumza na wasimamizi wa majimbo kama Colorado na Michigan ili kubeti matokeo yake kuruhusiwe. Colorado ilikana kwamba inalifikiria jambo hilo.

Na wakati mwingine hata mpiganaji mwenyewe hajui. Novemba 1997, Montreal, Bret Hart aliingia ulingoni akijua pambano litaisha bila yeye kupoteza mkanda. Bosi wake, Vince McMahon, aliamuru kengele ipigwe Shawn Michaels akiwa amembana, ilhali Bret hakuwa amesalimu amri. Akapoteza mkanda wake mbele ya watu wa nchi yake mwenyewe. Kama bingwa alidanganywa akiwa ndani ya kamba, mtu wa Kawetele mwenye simu ya mkononi ana uhakika gani?

Karibu zaidi na nyumbani, Uganda kuna Soft Ground Wrestling ya Mukono, iliyoanzishwa na Daniel Bumba, maarufu kama Bumbash. Vijana wake walijipatia jina wakirushana kwenye ulingo wa matope uliozungushiwa miti, na video zao zikafika mbali sana mwaka 2023. Kule hakuna odi wala wachambuzi wa kila wiki. Mtu anatazama tu, anapiga kelele, anacheka.

Kuhusu tatizo la saa, kuna afueni mbele. WrestleMania ya 2027 imetangazwa kufanyika Riyadh, Saudi Arabia, na saa ya Riyadh ni ileile ya Tukuyu. Kikitangazwa kipindi cha jioni kule, ni jioni na Kawetele. Kwa mara ya kwanza kibanda kizima kitabishana kwa haki, wote wakiwa hawajui, ikiwa umeme utakuwepo na mvua itakubali.