Kitega au Gitega? Ramani za Zamani, Picha za Setilaiti na Majina ya Mji

Mwanafunzi anayetafuta Gitega katika ramani za enzi za Wajerumani na Wabelgiji huenda asiipate, kwani mji huo uliandikwa Kitega. Muyinga nayo utaikuta kama Muhinga, na Bujumbura ilikuwa Usumbura hadi 1962. Walimu wa lugha hawatashangaa. Katika Kirundi, ki- hugeuka gi- inapofuatwa na silabi inayoanza kwa konsonanti isiyo ghuna. Ndiyo maana kitabu chetu huko ni igitabo. Umbo lililoingia ramanini lilikuwa la kinywa cha Kiswahili, lugha ambayo Wajerumani waliitumia sana katika utawala wao Afrika Mashariki. Kwa hiyo historia ya mji huu inaanzia kwenye fonolojia, hata kabla ya kuwasha kompyuta.

Gitega kama mji wa utawala si wa kale sana. Wajerumani walihamishia makao yao huko kutoka Usumbura mwaka 1912. Wabelgiji walioingia mwaka 1916 wakaifanya Usumbura makao makuu, na Gitega ikabaki nyuma kwa ukubwa.

Kuilinganisha ramani ya zamani na picha ya setilaiti kunahitaji alama zisizohama. Kanisa la misheni, kama la Mugera iliyoanzishwa mwaka 1899, au njia panda ya zamani, ni bora kuliko kona ya mto, maana mto huhama. Alama zikikubaliana, ramani hunyooshwa juu ya picha, na hapo ndipo makosa ya mchoraji yanapoonekana.

Hata hivyo, tusiiamini picha kupita kiasi. Picha za Landsat zinaanza 1972, hivyo miaka 60 ya mwanzo ya Gitega haimo. Aidha, katika zile za kuanzia miaka ya 1980, nukta moja hufunika mita 30 kwa 30. Rugo la Kirundi lililozungukwa na migomba humezwa ndani ya nukta hiyo na kuonekana shamba tupu. Mabati yaliyosongamana ndiyo yanayohesabiwa kuwa mji. Mtafiti asiyelijua hilo ataandika kwamba watu walifika jana, kumbe walikuwapo siku zote.

Tena picha haina majina. Haijui Yoba inaishia wapi. Ramani za wakoloni nazo mara nyingi zilionyesha boma, misheni na barabara, zikaacha makazi ya wenyeji na ya Waswahili bila jina. Majina hayo wanayo wazee, na tangu Gitega ifanywe mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019, viwanja vya zamani vinajengwa upya.

Basi mwanafunzi akienda huko abebe nakala ya ramani, aulize: "Mzee, kabla ya barabara hii, hapa mlipaitaje?" Na mzee akisema Kitega, aandike Kitega, asimsahihishe.